Mpiga Ngumi Ukuta: Uwanja wa Harvard na Mchezo Uliolazimika Kubadilika

Mtaani kwetu tulikuwa tukicheza chandimu kwenye uchochoro ambao upande wake mmoja ni ukuta wa nyumba ya mzee mmoja mkali. Ukuta ule hakuna aliyeweza kuusogeza. Basi tukakaa chini tukatunga sheria: mpira ukigonga ukuta ukarudi, mchezo unaendelea, ukipita juu yake, aliyepiga ndiye anayekwenda kubisha hodi na kupokea matusi. Haikuchukua muda tukawa na vijana waliojua kumpita mtu kwa kuugongesha mpira ukutani na kuukuta mbele. Ukuta tuliokuwa tunaulaani ukawa mchezaji wetu wa ziada.

Msomaji mpenzi, sikusudii kukusimulia utoto wangu. Nataka twende wote mpaka Boston, Marekani, kwenye uwanja wa nyumbani wa timu ya Chuo Kikuu cha Harvard. Huko nako ukuta uliwahi kuwalazimisha watu watunge sheria mpya. Tofauti ni kwamba kwetu aliyekosea aliambulia matusi tu, na kwao vijana walikuwa wanakufa.

Mchezo wenyewe

Tuelewane kwanza. Mpira ninaouzungumzia si ule wa Simba na Yanga. Ni futiboli ya Kimarekani: mpira una umbo la yai, unabebwa mkononi, na kila upande una watu kumi na mmoja. Kazi ni kuusogeza mpira mpaka uvuke mstari wa mwisho wa adui. Timu inapewa nafasi chache za kusogea yadi kadhaa. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wenzao.

Leo ukiutazama mchezo huo kwenye televisheni unaona mtu mmoja nyuma anaurusha mpira hewani, na mwenzake anaukimbilia mbele kule na kuudaka. Hiyo ndiyo raha yake. Lakini mwanzoni mwa karne ya ishirini kurusha mpira mbele kulikuwa marufuku. Ulikuwa unabeba, unainamisha kichwa, unaingia katikati ya watu. Wenzako wanakusukuma kwa nyuma, wengine wanakuvuta kwa mbele, na adui wanakungoja kama ukuta wa nyama.

Harvard wenyewe walichangia ubaya huo. Mwaka 1892 jamaa mmoja aitwaye Lorin Deland, mpenzi wa mchezo wa sataranji ambaye hakuwahi kuucheza mpira huu, aliwafundisha mbinu ya kuwapanga wachezaji katika umbo la kabari, wakimbie kwa kasi wote kwa pamoja na kumgonga mtu mmoja wa upande wa pili. Waliijaribu kwa Yale, watani wao wa jadi. Mbinu hiyo ilipigwa marufuku mwaka 1894, lakini mwaka huohuo Harvard na Yale walipambana kule Springfield, vijana wakaumia kiasi kwamba vyuo hivyo viwili havikukutana tena mwaka 1895 wala 1896. Huo ndio mchezo uliokuwa unatafutiwa nyumba ya kudumu.

Zege kando ya mto

Ardhi yenyewe ina historia yake. Mwaka 1890 tajiri mmoja, Henry Lee Higginson, ambaye alipigana upande wa Kaskazini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, aliipa Harvard kiwanja ng'ambo ya Mto Charles, upande wa Boston. Alitaka kiitwe Soldiers Field, yaani Uwanja wa Askari, kwa kumbukumbu ya rafiki zake sita. Mmoja wao alikuwa Robert Gould Shaw, kanali kijana aliyeongoza kikosi cha 54 cha Massachusetts, kikosi cha askari weusi. Shaw aliuawa mwaka 1863 wakati wa kuishambulia ngome ya Wagner, akazikwa katika kaburi moja na askari wake. Kwa hiyo tangu mwanzo kiwanja hicho kilikuwa na kumbukumbu ya vijana waliokufa.

Katika kiwanja hicho watu walikuwa wanakaa kwenye majukwaa ya mbao. Mbao huoza, na mbao hushika moto. Ndipo wahitimu wa mwaka 1879 wakachanga dola 100,000 ili chuo kijenge kitu cha kudumu. Kazi ilisimamiwa na profesa wa uhandisi, Ira Hollis, akisaidiana na mwenzake Lewis Johnson. Wakaamua kujenga kwa zege lenye nondo ndani.

Kwa sisi tunaopita kila siku mbele ya maghorofa yanayojengwa, zege na nondo si habari. Mwaka 1903 ilikuwa habari kubwa. Hakuna aliyekuwa amejenga uwanja mkubwa namna hiyo kwa zege Marekani nzima, na wapo waliosema baridi ya huko italipasua. Ujenzi ulikwenda mbio, ukamaliza miezi isiyozidi mitano mpaka siku ya kuchezewa, na gharama kwa jumla ikafika kama dola 310,000. Umbo lake ni la herufi U, kama viwanja vya Wayunani wa kale. Juni 1906 wanafunzi waliigiza humo tamthilia ya Agamemnon kwa Kiyunani chenyewe, na nadhani yale majukwaa yalijiona yako kwao.

Mchezo wa kwanza ulichezwa tarehe 14 Novemba 1903, Harvard na Dartmouth. Nyumba mpya, sherehe, watu wamependeza. Harvard wakafungwa 11 kwa 0. Kuwafunga Yale ndani ya nyumba hiyo kuliwachukua miaka kumi: ni mwaka 1913 ndipo Charlie Brickley alipopiga mipira mitano ikapita katikati ya nguzo, Harvard wakashinda 15 kwa 5. Nyumba nzuri haifungi mabao.

Katika uwanja huo alikuwepo kocha mmoja ambaye sisi Waafrika tungepaswa kulijua jina lake. William Henry Lewis, mtoto wa watu waliokuwa watumwa Virginia, aliichezea Harvard mwaka 1892 na 1893 alipokuwa anasoma sheria, akawa mchezaji mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika timu bora ya Marekani nzima. Baadaye alibaki miaka mingi kuwafundisha vijana wa Harvard, na mwaka 1896 akatoa kitabu cha kufundishia mchezo huo. Mwaka 1911 alishika wadhifa wa Mwanasheria Mkuu Msaidizi wa Marekani. Waandishi wenzangu, angalieni hapo: kabla ya cheo kulikuwa na kitabu.

Mwaka wa vifo

Sasa tuingie kwenye kasheshe lenyewe. Msimu wa 1905 magazeti ya Marekani yalihesabu vijana 18 waliokufa kwa ajili ya mchezo huu, na wengine zaidi ya 150 walioumia vibaya. Wengi wa waliokufa hawakuwa wa vyuo vikubwa. Walikuwa watoto wa sekondari, wa umri wa kidato cha tatu na cha nne.

Rais wa nchi wakati huo alikuwa Theodore Roosevelt, naye ni mhitimu wa Harvard. Aliupenda mchezo, tena kijana wake alikuwa anachezea timu ya mwaka wa kwanza ya Harvard. Oktoba 1905 aliwaita Ikulu wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton, akawataka wausafishe mchezo. Wakaahidi. Mwezi uliofuata huyo kijana wa Rais akavunjwa pua katika mchezo na Yale.

Halafu ikaja tarehe 25 Novemba 1905. Uwanja wa zege umejaa, Harvard na Yale. Mchezaji wa Harvard anaashiria kwamba anataka kuudaka mpira kwa amani, na kwa sheria ukishaashiria hivyo haruhusiwi mtu kukugusa. Akapigwa usoni, pua ikavunjika, damu. Refa hakupuliza kitu. Harvard wakafungwa 6 kwa 0, lakini kilichowauma watu wa jukwaani si bao. Siku hiyohiyo, mjini New York, kijana wa Chuo cha Union aitwaye Harold Moore aliumia kichwa katika mchezo na Chuo Kikuu cha New York, akafa.

Hapo mambo yakapinduka. Mkuu wa Chuo Kikuu cha New York, Henry MacCracken, akaitisha vyuo vikutane. Columbia wakaufuta mchezo moja kwa moja. Kule magharibi, Stanford na California wakahamia ragbi. Pale Harvard rais wa chuo, Charles Eliot, alikuwa hautaki mchezo huo siku nyingi, na sasa chuo kikatamka kwamba bila sheria mpya hakichezi tena. Sasa wewe fikiria: zege bichi bado lina miaka miwili, deni la fedha na la heshima, halafu mchezo lililojengewa unataka kufutwa.

Ukuta wakataa kusogea

Majira ya baridi ya mwaka 1906 wazee wa kamati ya sheria walikaa vikao. Swali lao lilikuwa rahisi kulisema na gumu kulijibu: utawatoaje watu katikati ya lile rundo? Vijana walikuwa wanakufa kwa sababu wote wamesongamana mahali pamoja. Wakipata nafasi ya kutawanyika, hawataponda vichwa vyao.

Pendekezo lililopendwa na wengi lilikuwa kuupanua uwanja. Ukiwa mpana, mbebaji atazunguka pembeni badala ya kuingia katikati. Ni wazo la akili, wala si gumu. Vyuo vingi vilichezea kwenye nyasi zilizozungukwa na mbao, unang'oa mbao unazisogeza. Lakini Harvard wakasema haiwezekani. Majukwaa yao ni zege na nondo, yamefuata kingo za uwanja wa upana uliokuwepo. Kupanua uwanja maana yake kubomoa nyumba ya dola laki tatu ambayo rangi ya saruji yake haijapauka.

Hapo wahenga wetu wangesema mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Kamati haikuupiga ngumi. Iliuacha uwanja na upana wake wa futi 160, ikageukia upande mwingine kabisa: ikaruhusu mpira urushwe mbele. Kama huwezi kuongeza ardhi, tumia hewa.

Walibadilisha na mengine. Yadi za kusogea kwa nafasi tatu zikapanda kutoka 5 hadi 10, ili timu isiweze kuishi kwa kujisukuma sukuma. Kati ya pande mbili ikawekwa nafasi ya wazi yenye urefu wa mpira, maana zamani watu walianza kupigana kabla hata mpira haujaguswa. Na kutokana na vikao vile vya vyuo kikazaliwa mwaka 1906 chombo ambacho tangu 1910 kinaitwa NCAA, ambacho mpaka leo ndicho kinachosimamia michezo ya vyuo vingi vya Marekani.

Usidhani wazee walifungua mlango wote. Pasi ilifungwa kamba za kila aina. Ukiurusha mpira ukaanguka chini bila kuguswa na mtu, unapewa adui. Tarehe 5 Septemba 1906 Bradbury Robinson wa Chuo Kikuu cha St. Louis, akicheza na Chuo cha Carroll, alirusha pasi ya kwanza ya halali. Ikaanguka, wakaupoteza mpira. Alirusha tena baadaye, mwenzake Jack Schneider akaudaka na kufunga. Vyuo vikubwa vya mashariki viliendelea kuidharau pasi kwa miaka, mpaka mwaka 1913 Notre Dame, chuo ambacho wengi hawakukitia maanani, kilipokwenda West Point kikawatandika wanajeshi 35 kwa 13 kwa pasi za Gus Dorais na Knute Rockne.

Wala vifo havikuisha mara moja. Mwaka 1909 vijana walikufa tena, mmoja wao kadeti wa West Point katika mchezo dhidi ya Harvard hao hao. Ndipo mwaka 1910 sheria zikakazwa zaidi na kusukumana kwa makundi kukakatazwa. Mchezo huu haukupona kwa dozi moja.

Kuna jambo limenikaa rohoni. Tunapenda historia ya watu wema waliokaa, wakafikiri, wakawaokoa wenzao. Hapa hawakuwa wema kiasi hicho. Harvard walipokataa uwanja usipanuliwe hawakuwa wanatetea roho ya mtu. Walikuwa wanatetea saruji yao. Ila kwa kukataa kwao ndipo ikabaki njia moja ambayo wenyewe wakubwa waliiogopa, na hiyo ndiyo iliyozaa mchezo unaopendwa leo. Ukaidi wa zege umefanya kazi ambayo huruma peke yake ilikuwa imeshindwa. Lakini tusiusifu ukuta tukawasahau wale 18. Bila vifo vyao hata hicho kikao kisingeitishwa.

Sare iliyoitwa ushindi

Uwanja uliendelea kuishi. Mwaka 1929 upande wa wazi wa ile U ulizibwa kwa majukwaa ya chuma, ukawa unameza watu zaidi ya 57,000. Chuma hicho kikaondolewa mwaka 1951. Mwaka 1984 mpira wetu sisi, ule wa miguu hasa, ulichezwa humo, katika mechi za Olimpiki. Mwaka 1987 serikali iliutangaza kuwa alama ya historia ya taifa.

Lakini ukimuuliza mtu wa Harvard siku gani anaikumbuka, atakwambia Novemba 23, 1968. Harvard na Yale, wote hawajafungwa msimu mzima. Yale wakatangulia 22 kwa 0. Kocha wa Harvard akamwingiza kijana wa akiba, Frank Champi. Zikabaki sekunde 42, Yale wanaongoza 29 kwa 13, watu wameshaanza kutoka. Katika sekunde hizo 42 Harvard walipata pointi 16. Ya mwisho ilikuwa pasi ya Champi, Pete Varney akaidaka. 29 kwa 29. Gazeti la wanafunzi wa Harvard likaandika kwamba Harvard wamewafunga Yale 29 kwa 29, na hakuna aliyelalamika.

Na ile pasi ni ipi? Ni mtoto wa mwaka 1906. Ukuta uliokataa kusogea uliwalipa wenyewe miaka 62 baadaye, ndani ya nyumba yao.

Matarajio ya misimu ijayo

Sasa twende kwenye ya leo. Harvard wako katika ligi ya vyuo vinane vikongwe, Ivy League, ambavyo havitoi ufadhili wa masomo kwa sababu mtu anajua mpira. Kwa miaka mingi ligi hiyo ilikuwa na ukuta wake mwingine: bingwa wake hakuruhusiwa kwenda kwenye mtoano wa taifa wa daraja lao. Unacheza michezo 10, unamaliza na mtani wako, unarudi darasani. Desemba 2024 ligi ikatangaza kwamba kuanzia msimu wa 2025 mlango uko wazi.

Timu yenyewe ilikuwa imetoka mikononi mwa Tim Murphy, kocha aliyeishika kuanzia 1994 mpaka 2023, ikaja kwa Andrew Aurich mwaka 2024. Aurich alianza vizuri, akamaliza msimu wake wa kwanza kwa kushinda 8 na kufungwa 2. Mwaka 2025 wakashinda michezo tisa ya mwanzo, watu wakaanza kuota. Halafu Yale wakawapiga 45 kwa 28. Wakaingia kwenye mtoano hivyohivyo, na Villanova, chuo kinachotoa ufadhili kwa wachezaji, kikawafumua 52 kwa 7.

Kwa hiyo matarajio yao nayapima hivi. Ndani ya ligi yao Harvard ni wa kugombea ubingwa kila mwaka, hilo sina wasiwasi. Lakini kuna kuta mbili mbele yao. Ya kwanza ni Yale, ambao waliwafunga mwaka 2022, 2023, 2024 na 2025, mara nne mfululizo, na mbili kati ya hizo zilikuwa ndani ya zege lao wenyewe. Ya pili ni mtoano, ambako watakutana na timu zenye vijana waliotafutwa na kugharamiwa kwa ajili ya mpira tu. Sheria ya ufadhili hawawezi kuibomoa peke yao, kama ambavyo kamati ya 1906 haikuweza kulibomoa zege. Wakijaribu kupambana na watu wa namna hiyo kwa kifua, watavunjika pua kama mwaka 1905. Itawabidi watafute hewa yao, yaani kile ambacho wenzao hawajakifikiria bado.

Hilo linatuhusu na sisi tunaojifunza kuandika. Wengi wetu tunalalamikia kuta: karatasi ghali, kurasa chache, meza yenyewe ni ya kulia chakula mpaka saa tatu usiku. Ni kweli, na siwezi kukudanganya kwamba kuta ni neema. Ukuta mwingine unaua. Lakini kabla hujakunja ngumi, zunguka uutazame vizuri. Pengine kuna mahali mpira unadunda na kurudi.

Yule mzee mkali wa mtaani kwetu alishafariki, na nyumba iliuzwa. Aliyeinunua aliuvunja ukuta, akaweka fremu za maduka. Watoto wa siku hizi hawachezi tena pale.